Headphone ziliwashangaza wanaume wote wa kwaya, kina mama wakasema sauti yangu haipo

Jumapili, saa nane na dakika kumi mchana, sebuleni kwa babu yangu, mlimani juu ya Usa River. Hapo ndipo mambo haya yalipoanza. Saa nina uhakika nayo, maana huwa naandika kwenye daftari langu kila siku kabla ya kulala, na siku hiyo niliandika mpaka kalamu ikaanza kukwaruza.

Wakuu, nawasalimu wote. Walio wakubwa kwangu, shikamooni.

Mimi ni wa kusoma tu humu, kuchangia huwa naogopa. Hata huu uzi nimeuandika na kuufuta sana kwenye simu ya kaka yangu. Sijapamba kitu. Pale nilipokuwa mwoga nitasema nilikuwa mwoga, mtanicheka huko huko mliko.

Nina miaka kumi na saba, nimemaliza form four, nasubiri nafasi ya chuo. Mama yangu anafanya kazi kwenye shamba la maua huko chini barabarani, anakuja mwisho wa mwezi. Mimi naishi kwa babu, na anayetulea pale nyumbani ni Mama Nuru, mke wa baba mdogo. Baba mdogo ni dereva wa malori, haonekani sana. Kwa hiyo Mama Nuru ndiye ng'ombe, ndiye jiko, ndiye migomba, na kanisani ndiye anayeongoza sauti ya kwanza kwenye kwaya.

Mimi pia nipo kwenye kwaya hiyo hiyo. Sauti ya pili, mstari wa nyuma, nyuma ya mama mmoja mnene.

Niwe mkweli: kwa miaka miwili nilikuwa nachezesha midomo tu. Mtu akigeuka kuniangalia, hata midomo inasimama.

Sasa, kwaya yetu ilienda kurekodi mjini, kwenye kastudio kamoja maeneo ya Themi. Enzi za baba zetu kwaya ikitaka kusikika ilisubiri gari la redio ya serikali lipite, na huenda lisipite. Siku hizi kijana anakodi chumba kimoja, anabandika magodoro ukutani, na hiyo ndiyo studio. Yetu ni ya kijana anaitwa Godlisten. Kwao ni Kikwe, wazazi wake wanajulikana mpaka kwetu.

Wimbo wa nne una ubeti wa mtu mmoja peke yake. Binti aliyepangiwa aliamka na mafua siku hiyo, sauti imekauka kabisa. Mwalimu wetu wa kwaya, Mwalimu Zakaria, akaangalia huku na huku, jicho likaniangukia mimi. Sijui aliona nini.

Niliomba kuimba nikiwa nimegeukia ukuta. Godlisten akakubali. Nikaimba nikiangalia doa la maji kwenye godoro, kwaya nzima iko nyuma yangu inavuma. Mara moja tu, tukaendelea na wimbo wa tano. Hakuna aliyesema kitu, nikadhani limepita.

Ndipo ikaja hiyo Jumapili.

Godlisten alipanda na pikipiki, laptop mgongoni, ili kwaya isikilize nyimbo na kukubali kabla hajazipeleka kutoa nakala. Uzinduzi ulishatangazwa kanisani, siku ya sikukuu ya mavuno. Baada ya ibada tukakusanyika kwa babu, kwa sababu babu ni mzee wa kanisa na ndiye mlezi wa kwaya, na sebule yake ni kubwa.

Hakuja na spika. Alikuja na headphone.

Wakuu, zile headphone. Nyeusi, kubwa, zinafunika sikio lote na nafasi inabaki. Ndani laini kama mkate. Alisema zilitoka Nairobi, na kwamba hizo ndizo zinazomtafutia wateja. Mtu akivaa kwa mara ya kwanza, anasema, lazima aguse mlango aone kama umefungwa. Ukizizoea ni kawaida tu, besi imezidi kidogo. Ila ile mara ya kwanza hakuna anayebaki salama. (Wataalamu wa sauti mtatueleza, mimi naandika nilichokiona.)

Tukafungua kwa sala. Wanaume wakavua kofia. Ni mwezi wa saba, kwetu ukungu unashuka mpaka mlangoni, kwa hiyo wengi walikuwa na kofia za sufu, na baada ya amina wakaziacha magotini.

Kumbukeni hizo kofia.

Wa kwanza kuvaa alikuwa Mwalimu Zakaria. Godlisten akabonyeza. Mwalimu akageuka nyuma kwa haraka kama kaguswa bega.

Nyuma yake kulikuwa na kabati la vyombo.

Watu wakacheka, yeye hasikii. Akaanza kuongea kwa sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya mto, kwamba sauti ya nne wamesimama hapa hapa nyuma yake, anawasikia mpaka pumzi. Watu wakazidi kucheka. Alipozivua alijifuta macho, akasingizia moshi. Jiko letu liko nje.

Wakafuata wanaume wengine, kila mmoja na kituko chake. Mmoja alisimama wima. Mwingine alijibu "Amina" katikati ya wimbo, peke yake, kwa nguvu.

Babu akapewa. Babu yangu si mtu wa kushangaa. Alizishika kwa mikono miwili, akazivaa kama anavyovaa miwani yake, taratibu, akafumba macho. Mguu wake ambao huwa unatikisika muda wote ukatulia. Kisha akauliza, kwa sauti ya mkutano wa hadhara, ni kijana gani anayekohoa mwanzoni. Kijana mmoja wa sauti ya tatu akainamia viatu vyake.

Baadaye kidogo akafumbua macho. "Na huyu mtoto ni nani?"

Mwalimu Zakaria akaninyooshea kidole.

Babu akaniangalia akiwa bado amezivaa. Akaniangalia mpaka ubeti ukaisha. Akazivua, akampa Godlisten. Mimi muda huo nilikuwa nahesabu maua ya kitambaa cha meza.

Ikawa zamu ya kina mama.

Hapa lazima nieleze jambo kwa wasiojua kwetu. Mama wa kwetu Jumapili anafunga kilemba. Si kitambaa cha kupita tu. Ni kitenge kipya bado kina gundi ya dukani, kinazungushwa mara kadhaa, kinafunika masikio, kinasimama juu. Kwenye baridi ya mwezi wa saba ndani yake kuna na skafu. Kwa macho yetu sisi kilemba cha Jumapili hakionekani kama nguo. Ni sehemu ya kichwa.

Mama Nuru akazichukua. Godlisten akavuta ule upinde mpaka mwisho ili zifike. Zikafika, zikakaa juu ya kilemba.

Akasikiliza. Uso haukubadilika hata kidogo. Alikuwa kama mtu anayengoja maji yachemke.

Akazivua. "Hiki ndicho mnachoshangilia?"

Mwalimu Zakaria akadhani anatania.

Mama Nuru akasema wanaimba kama wako bondeni na katikati kuna mvua. Anasikia kitu kinaguruma, nao ni wanaume, lakini sauti ya kwanza hamna. Akampa mama aliye pembeni. Huyo naye akasikiliza, akatikisa kichwa, kilemba na headphone pamoja. Hamna. Wa tatu hivyo hivyo. Yule mama mnene anayenificha kanisani alisema alichosikia yeye ni nyuki.

Hali ya hewa ikabadilika, wakuu.

Kina mama wa kwaya yetu wana lao la siku nyingi. Wanasema kipaza sauti cha kanisani huwa kinawekwa upande wa wanaume, na sare zikishonwa wanaume wanapimwa kwanza. Sasa wakaona jambo limedhihirika.

"Kanisani tuko wengi," Mama Nuru akasema, "kwenye CD tumekuwa wageni."

"Tulienda kuwasindikiza," akadakia mwingine.

Mwalimu Zakaria akajaribu kutuliza. Akasema labda ni baridi, masikio yameziba.

"Mwalimu, masikio haya yanasikia mtoto wa jirani akijikwaa."

Wakamwambia Godlisten aongeze. Akaongeza. Wakavaa tena. Wakasema sasa wanaume ndio wameongezeka. Akashusha wanaume, akapandisha wanawake kwenye laptop mpaka akasema akizidisha hapo sauti itapasuka. Wakavaa tena. Bondeni kule kule. Na wanaume wakivaa wanasema mbona sasa kina mama wanatupigia kelele masikioni.

Yaani kitu kimoja, watu wale wale, chumba kimoja. Nusu wanasema ni mbinguni, nusu wanasema ni bondeni. Mimi nilikuwa kwenye kona na sahani za vitumbua, nimetoa macho.

Kisha ikaja yangu.

Mama Nuru aliuliza kwenye wimbo wa nne, ubeti wa pili, imekuwaje pametulia, mashine imekatika? Mwalimu akajibu haijakatika, pale anaimba huyu binti. Akanitaja jina.

Mama Nuru akageuka kuniangalia. Naomba mnielewe, hakuniangalia vibaya. Ingekuwa vibaya ningejua la kufanya. Aliniangalia kwa huruma.

"Hapana," akasema. "Huyu tusimwaibishe mbele ya usharika. Hasikiki kabisa. Watu watauliza."

Kila mtu pale alijua mimi ni wa kuchezesha midomo. Kwa hiyo ilikuwa rahisi kuamini.

Mwalimu Zakaria akaona hapo pana njia ya kutuliza kina mama. Wakakubaliana hivi: nyimbo zingine Godlisten azipandishe kina mama kadiri inavyowezekana. Ila wimbo wa nne, ubeti wangu ufutwe. Kesho yake asubuhi, baada ya chai, Mama Nuru auimbe yeye pale pale sebuleni, Godlisten aurekodi na kuubandika mahali pangu. Kisha ashuke mjini akatoe nakala.

Godlisten akasema sawa. Mvua ilishaanza na njia yetu ikilowa pikipiki haishuki, hivyo angelala kwetu.

Hakuna aliyeniuliza. Sikutegemea kuulizwa, hilo sina kinyongo nalo.

Watu walipohamia kwenye chai, Godlisten akanipa headphone bila kuongea, kama unavyompa mtu kiti. Nikavaa. Nywele zangu ni fupi za shule, sina cha kufunga.

Wakuu, sijui niandike vipi.

Kwanza sebule ilizima. Vijiko, vikombe, mvua ya bati, vyote vilikwenda. Kisha kwaya ikafunguka, mmoja huku, mwingine kule. Mama Nuru alikuwepo, juu, ang'avu, kama mtu anayeita watoto jioni. Hakuwa bondeni hata kidogo.

Ukafika ubeti wa pili, nikajisikia nikimeza mate. Nikasikia pumzi, ikaja sauti. Ilikuwa nyembamba na kavu kidogo, nilikuwa sijawahi kukutana nayo. Ila ilikuwa mbele. Imesimama peke yake na kwaya nyuma yake imeiheshimu.

Nilizivua masikio yanawaka. Swali likawa moja tu: Mama Nuru alikosaje kukisikia kitu kile?

Akapita mbele yangu kuokota vikombe, akainama. Kwenye kilemba chake, juu ya kila sikio, kulikuwa na duara. Kitenge kipya kikibanwa kinabaki na alama. Duara mbili kubwa zimegandamizwa kama chini ya sufuria.

Nikawaangalia na wengine. Wote wana duara.

Mtasema, sasa si ungesema?

Jamani. Babu alikuwa amekaa kwenye kiti chake pale pale. Mama Nuru ni mkamwana wake. Kwetu mke wa mtoto hakai kichwa wazi mbele ya baba mkwe, hata akitoka kisimani anatafuta kanga kwanza. Na kwa kuwa ni ukoo mmoja, karibu wale kina mama wote babu ni mkwe wao kwa namna fulani. Ningesema nini? Mama mdogo, vua kilemba mbele ya babu ujaribu upya? Hata wanaume watu wazima hawakuthubutu kulifikiria.

Na kulikuwa na la pili, ambalo ndilo lililonifunga mdomo zaidi. Ningesema, ingeonekana natetea ubeti wangu. Mtoto asiyeimba amepata sauti siku ya kujitetea tu.

Nikaosha vikombe.

Jioni nikawa jikoni na Mama Nuru, tunapika loshoro, yale mahindi ya maziwa ya mgando. Amebadilisha nguo, kilemba amekitundika. Tuko wawili tu na moto. Nikajiambia hapa hapa.

"Mama mdogo."

"Ee."

"Zile headphone..."

"Zimefanyaje?"

"Zinabana."

"Zinabana kweli," akasema, akaendelea kukoroga.

Huo ndio ujasiri wangu wote, wakuu. Umeisha hapo.

Baadaye yeye ndiye aliyeongea. Alisema nisimnunie. Alisema nilipokuwa mdogo, wageni wakija najificha nyuma ya mlango, na mara moja nililala huko huko wakanitafuta mpaka kwenye mfereji. Hakutaka siku ya uzinduzi nitafute mlango. Kisha akaanza kuuimba ubeti wangu polepole huku anakoroga, kujiandaa na kesho.

Akauimba vizuri. Vizuri kuliko mimi. Hapo nikaona nimekwisha, maana hata ningemweleza ukweli, ningekuwa nang'ang'ania nini?

Nilifikiria hilo kitandani. Jibu nililolipata si la maana sana: ule nilioimba mimi, nilishauimba. Upo. Yeye anaufuta kwa sababu anaamini haupo. Kama angeusikia halafu akasema haufai, ningekubali. Lakini ausikie kwanza.

Nataka niweke funzo hapa kabla sijamaliza asubuhi yake, kwa sababu nikiimaliza sitaki kuongeza kitu.

Funzo langu ni dogo. Watu wawili wakisikiliza kitu kimoja na mmoja asishangae, usiharakishe kusema ana roho mbaya au hajui muziki. Mwangalie kwanza masikioni amevaa nini. Na kuna mambo ambayo kila mtu chumbani anayaona na hakuna anayeweza kuyasema kwa sababu ya nani amekaa kwenye kile kiti. Hapo usitafute maneno. Tafuta chumba kingine.

Wenye visa vya kwaya, vya studio, au wenye wakwe, karibuni mchangie. Wa kunicheka pia karibuni, ila polepole.

Sasa asubuhi.

Nilimkuta Godlisten kwenye tenki ananawa uso, anatetemeka kwa baridi. Nikamwamkia. Nikasema, nikiangalia bomba, "Kaka, naomba headphone na wimbo wa nne. Ule wenyewe, usiofutwa."

"Wa nini?"

"Nampelekea mama mdogo bandani. Anakamua."

Akaacha kunawa. Akaniangalia, akaanza kucheka chini chini.

"Kumbe na wewe uliziona zile duara."

Nikamuuliza kama aliziona kwa nini hakusema.

"Mimi nimwambie mkamwana wa Mzee avue kilemba mbele ya Mzee? Mdogo wangu, mimi bado nataka kuoa huku."

Akaingia ndani, akatoka na headphone amezichomeka kwenye simu yake. Akanionyesha pa kubonyeza.

Banda la ng'ombe liko nyuma ya nyumba, linapakana na migomba. Mama Nuru alikuwa kwenye kigoda, kichwa karibu na ubavu wa ng'ombe, ndoo katikati ya magoti, mikono ina mafuta ya kukamulia. Kichwani ana kitambaa chembamba cha kazi kimefungwa kisogoni. Masikio yako nje.

Akaniuliza nimebeba nini.

Sikujibu. Ningejibu tungeanza kuongea, na tukiongea nashindwa. Nikazifungua zile headphone, nikamvalisha. Mikono yake ina kazi, hakuweza kunizuia. Nikabonyeza.

Maziwa yalikuwa yanagonga ndoo, chwa, chwa. Yakasimama.

Ng'ombe akageuza kichwa kuangalia kuna nini.

Mama Nuru alikuwa ametazama mbele, kwenye ubao wa banda, mdomo wazi kidogo. Nikajua hapo anajisikia yeye mwenyewe. Alitoa mkono mmoja kwenye chuchu akaushika hewani, kama mtu anayetaka kumzuia mwingine asipite. Nikahesabu moyoni wimbo umefika wapi. Ubeti wa pili ukaingia, nikaangalia chini kwenye majani.

"Ni wewe?"

Aliuliza kwa sauti ya kumwita mtu ng'ambo ya mto, kama Mwalimu Zakaria. Kuku waliruka. Nikatikisa kichwa kukubali.

"Mbona hukusema? Jana mimi nilikuwa nasikiliza kitenge."

Boma zima lilisikia, na nadhani na la jirani. Yeye mwenyewe hakujua kama ameongea kwa nguvu.

Babu akatokea kwenye kona ya nyumba na fimbo yake, haraka, nafikiri alidhani ng'ombe amempiga. Mama Nuru alikuwa amempa kisogo, hakumwona, na kwa zile headphone asingemsikia hata angekuja na tarumbeta. Babu akaona ng'ombe mzima. Akaona mkamwana wake, kichwa hakina kilemba, masikio yamefunikwa na vitu vyeusi vya kijana wa Kikwe. Akaniona mimi na simu mkononi.

Babu akageuka pale pale. Akatupa mgongo, akatazama migomba. Akasimama hivyo, mikono miwili juu ya fimbo.

Kisha akaongea, kama anaiambia migomba. "Mwambie mama yako mdogo, akimaliza, awaite wenzake wasikilizie jikoni. Sisi chai tutanywea nje."

Nikasema ndiyo, babu.

"Na huyo kijana asifute kitu."

Nikasema ndiyo, babu.

Nilidhani ataondoka. Hakuondoka. Aliendelea kutazama migomba kana kwamba ndiyo kwanza anaiona.

Wimbo ukaisha. Mama Nuru hakuzivua. Akainua kidole chenye mafuta, akakizungusha hewani: rudia. Nikabonyeza tena. Akasimama, akaegemea nguzo, akawa ananiangalia, na ng'ombe bado hajaisha kukamuliwa.

Nikakaa kwenye kigoda chake, nikashika ndoo, nikaanza kukamua. Na ulipofika ubeti wa pili, nikauimba. Kwa sauti kabisa, midomo na yote. Aliyekuwa ananiona alikuwa hanisikii, na aliyekuwa ananisikia alikuwa amenipa mgongo.